Namna ya Kuwaandaa Watoto Wadogo kwa Nyimbo za Noeli Wakati Mzazi Mwenyewe Ni Mwanakwaya

Mzazi anayeimba kwaya huku akilea watoto walio chini ya miaka saba huingia Majilio, yaani majuma ya kujiandaa kwa Noeli, akiwa na hesabu mbili zisizolingana, kwa sababu mazoezi huongezeka wakati uleule ambao shule zimefungwa na watoto wanashinda nyumbani kutwa. Dominika ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, na mwaka inapoangukia tarehe 3, yanabaki majuma matatu tu hadi mkesha wa Noeli. Nimeimba sauti ya pili katika parokia moja hapa Mwanza nikiwa na mtoto mgongoni, kisha nikiwa na wawili, kisha watatu, na mengi ninayoyaelekeza hapa nimeyajua baada ya kuyakosea. Kubwa kuliko yote ni hili: mtoto anayeujua wimbo hausumbui, bali huusubiri. Kwa hiyo kazi yenyewe hufanyika nyumbani, karibu na jiko, muda mrefu kabla ya kufika kanisani.

Anza kwa kuchagua, kwa kuwa kwaya huandaa nyimbo nyingi, tangu wa maingilio hadi wa shukrani baada ya komunyo, na mtoto wa miaka minne hawezi kuzibeba zote. Mchagulie viwili tu, yaani kiitikio cha Utukufu, wimbo wa Misa wa "Utukufu kwa Mungu juu", mtakaouimba usiku wa mkesha, na ubeti mmoja wa wimbo wa horini. Utukufu una faida ya pekee, kwa sababu hauimbwi katika Dominika za Majilio. Mtoto anausikia nyumbani lakini akienda kanisani haukuti, na ukimweleza kwamba kanisa zima linautunza kwa ajili ya usiku wa Noeli, atakuuliza kila Dominika kama siku imefika. Wimbo wa horini ufundishe mkijenga pango la Noeli. Desturi ya pango hukumbukwa tangu Mtakatifu Fransisko alipoigiza Noeli pale Greccio, Italia, mwaka 1223, na sisi wa Mwanza hatuna sababu ya kununua karatasi za kuchora miamba, maana mawe yako nje ya mlango. Watume watoto wakaokote vijiwe uani, kila kijiwe kinachowekwa kiambatane na mstari mmoja wa wimbo, na ndani ya siku chache mstari na jiwe vitakuwa vimeshikana kichwani mwao.

Sasa nifike kwenye kosa langu kubwa, ambalo naona wazazi wengi wa sauti ya pili na besi wanalirudia bila kujua. Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na miaka mitano alijifunza wimbo mzima wa Noeli kwa kunisikiliza nikiufanyia mazoezi wakati wa kufua, na nilifurahi sana. Usiku wa mkesha alikaa na shangazi yake katikati ya waumini, wimbo ukaanza, naye akaimba kwa nguvu zote, lakini alichokuwa akiimba ni sauti ya pili, neno kwa neno na nota kwa nota, huku watu wote waliomzunguka wakiimba sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo wenyewe. Alinyamaza kwenye ubeti wa pili, akamgeukia shangazi yake na kumwambia kwamba watu wamekosea. Mtoto hukariri kile anachokisikia, na kwa mwanakwaya anachokisikia mara nyingi si wimbo bali ni sauti moja kati ya nne, yaani robo ya wimbo. Mwombe mwenzako wa sauti ya kwanza akurekodie kiitikio kwenye simu, akiimba taratibu na bila kinanda, kisha rekodi hiyo ndiyo ipigwe nyumbani, hata wewe ukiwa huna nafasi. Bibi yao aliyebaki nao anaweza kuipiga wakati wa kuchambua mchele, naye ataujua wimbo kabla yao.

Zingatia pia kimo cha sauti, yaani ilivyo juu au chini. Mtoto mdogo huimba kwa raha ndani ya nota chache tu, tano au sita hivi, na zote ziko juu kuliko anapoanzia baba wa besi. Akilazimishwa kumfuata baba atanguruma bila nota, na akilazimishwa kupanda mno atapiga kelele. Anza wimbo kwa sauti nyepesi ya kike, au baba aimbe kwa sauti ya juu iliyolainishwa, ingawa watoto watacheka mara ya kwanza. Usimwambie mtoto aimbe kwa nguvu. Mwambie aimbe kana kwamba mdogo wake amelala chumba cha pili, maana ukimtaka akazane atapaza sauti kooni na kupoteza nota zote.

Nyumbani kwetu nota tunazifundisha kwa mikono. Sol-fa, yaani nota zinazoandikwa kwa do, re, mi, iliyoko kwenye karatasi za kwaya zetu ina asili ya darasani: mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, aliutunga mfumo wake akiwafundisha watoto kuimba, naye Mchungaji John Curwen akauendeleza na kuueneza katika karne ya 19, na ndiyo maana kuna ishara ya mkono kwa kila nota. Huhitaji ishara zote saba. Do ni ngumi iliyofungwa usawa wa kiuno. Mi ni kiganja kilicholazwa kikitazama chini, usawa wa kifua. So ni kiganja kilichosimamishwa kikikuelekea, kidole gumba kikiwa juu, usawa wa mdomo. Anza na so na mi peke yake, kwa kuwa kushuka kutoka so kwenda mi ndiko watoto wadogo hukushika upesi kuliko yote, na hata wanapoitana uani utakusikia. Mwite mtoto aje kula kwa nota hizo mbili, naye akujibu kwa nota hizohizo akionyesha mkono. Mwanangu wa pili alikuwa akinijibu akiwa na kijiko cha uji mkononi, na uji ulikuwa ukifuata nota.

Kuhusu kuwapeleka mazoezini, msimamo wangu ni kwamba waende mara mbili tu, na mara zote mbili ziwe katika juma la mwisho. Mazoezi ya mwanzo ni ya kurudia mistari minne kwa nusu saa, na hakuna mtoto aliyeumbwa kuvumilia jambo hilo. Wengi wetu wakubwa wenyewe hatuvumilii. Ukiwabeba, chukua mkeka, kanga mbili, maji, na ndizi au viazi vitamu vya kuchemsha badala ya karanga, ambazo zinaweza kumpalia mtoto mdogo anapokula huku akicheka. Wavishe suruali ndefu na soksi kwa ajili ya mbu wa jioni. Desemba mvua hunyesha, na njia za milimani kama Mabatini na Igogo huteleza, kwa hiyo kubaliana na dereva wa bajaji mapema kuhusu saa ya kurudi badala ya kupakiza watoto wawili kwenye bodaboda usiku.

Sare wapelekee fundi Novemba. Fundi wa Desemba ana neno moja tu, nalo ni kesho.

Siku ya tarehe 24 yenyewe hupangwa kuanzia mchana. Viungo vya pilau visagwe na nyama ichemshwe tarehe 23, kusudi kesho yake nyumba iwe na utulivu na watoto walale kuanzia saa nane hadi saa kumi alasiri, hata kama wanadai hawana usingizi. Wapewe chakula kamili kabla ya kutoka, na sharubati ipunguzwe. Nasema hivi kwa sababu mwaka mmoja, katika ule ukimya unaofuata somo la pili, sauti ya mwanangu ilitoka benchi la tatu na kufika hadi altareni: "Mama, nimebanwa na mkojo!" Nilikuwa kwenye jukwaa la kwaya, karatasi mkononi, na sikuwa na namna ya kushuka. Tangu hapo sharti letu ni kwamba watoto wakae mwisho wa benchi lililo karibu na mlango wa pembeni, pamoja na mtu mzima asiyeimba kwaya, na mtu huyo awe ameambiwa wazi kwamba anaweza kutoka nao wakati wowote bila kuniangalia ili nimruhusu. Wakae pia mahali wanapoiona kwaya, kwa kuwa mtoto asiyemwona mama yake humtafuta, ilhali anayemwona humpungia mkono na kutulia. Nasi tumepatana ishara: kabla ya Utukufu kuanza, nampa mtoto ishara ya so kwa mkono, naye anajua kwamba zamu yake imefika.

Mtoto akilala kabla ya zamu yake, mwache alale. Niliwahi kumwamsha mmoja kwa ajili ya ubeti aliokuwa ameufanyia kazi majuma matatu, na alichotoa ni kilio kilichodumu hadi matoleo. Misa ya asubuhi ya tarehe 25 ipo, na wimbo huenda ukarudiwa.

Kwa walio na watoto wa Utoto Mtakatifu, shirika la watoto Wakatoliki lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, kalenda haiishii tarehe 25, kwa sababu tarehe 28 Desemba ni sikukuu ya Watoto Mashahidi, na katika parokia nyingi watoto hao ndio huimba na kucheza. Fua sare tarehe 26 asubuhi na mapema ili zipate jua kabla mawingu ya mchana hayajakusanyika, na usikubali zivaliwe kwenye pilau la jirani. Mtoto anayekua haraka mwachie fundi akunje pindo la chini sentimita tano, ili Majilio yajayo ulifumue na kulishusha.