Ukifika Chania, usidanganywe na mnara wa taa

Kama utapita kisiwa cha Krete kule Ugiriki, bandari ya zamani ya Chania usiikose. Ila jua mambo mawili.

Kwanza, meli za abiria kutoka Piraeus, bandari ya Athens, hazitii nanga pale. Zinashusha watu Souda, karibu kilomita 7, kisha unapanda basi hadi mjini.

Pili, na hapa ndipo wengi wanachemka, ni ule mnara wa taa. Ukisimama ngome ya Firkas, ambako bendera ya Ugiriki ilipandishwa Desemba 1913 kisiwa kilipoungana rasmi na nchi hiyo, unauona uko pua na mdomo. Kumbe kati yenu kuna lango la bahari! Inabidi uizunguke bandari nzima, upite msikiti wa zamani wa Waturuki na mabohari ya mawe ambamo Wavenisi, yaani watu wa Venice ya Italia walioitawala Krete zamani, walitengenezea meli zao, ndipo upande ukuta wa kukinga mawimbi. Ukutani hakuna kivuli hata cha dawa. Nenda alfajiri au jua likipungua, uvae raba, maana mawe yana mashimo na upande wa bahari unateleza.

Mnara wenyewe ulijengwa na Wavenisi, ukajengwa upya miaka ya 1830 Krete ilipokuwa chini ya Misri. Ndiyo maana unafanana kidogo na mnara wa msikiti.

Chakula? Migahawa ya ukingoni unalipia mandhari. Ingia vichochoroni.