Maziwa ya kopo kwa mtoto: angalia lebo, halafu angalia maji

Mwenye mtoto wa mwaka 1 hadi 3, kabla hujalipia kopo la maziwa yaliyoongezwa virutubishi, ligeuze usome nyuma. Tafuta zinki, madini ya chuma na vitamini A. Ukikuta sukari iko mwanzoni mwa orodha ya viambato, lirudishe.

Virutubishi hivyo vina kazi kweli. Utafiti wa kaskazini mwa India uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha watoto wa umri huo: waliokunywa maziwa yaliyoongezwa virutubishi waliugua kuhara pungufu kwa asilimia 18, na maambukizi ya mapafu pungufu kwa asilimia 26, kuliko waliopewa maziwa ya kawaida.

Lakini faida hiyo inaweza kuishia kwenye chupa chafu. Unga wa maziwa wenyewe haujatakaswa vijidudu vyote, kwa hiyo chemsha maji na uchanganye yakiwa bado ya moto, yasishuke chini ya nyuzi 70. Yapoze, kisha mpe kwa kikombe cha wazi. Chuchu ya chupa ina mikunjo inayoficha utando wa maziwa hata ukisugua. Yaliyokaa zaidi ya saa 2, mwaga tu, hata kama yanauma mfukoni.

Kama bei haishikiki, usijilaumu hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema maziwa haya si ya lazima. Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, dagaa waliosagwa kwenye uji, maini na yai vinampa mtoto vingi vya virutubishi hivyo, na anayenyonya aendelee kunyonya.