Roboti ya ghorofa tatu isiyoliwa na chumvi ya Lamu

Roboti ya kutafitia akili unde haikai bila kubadilishwa: leo kamera, kesho sensa nyingine. Basi ijenge kwa ghorofa, na kila ghorofa iwe na matundu yaleyale na soketi ileile. Ukilegeza sharti hili, kila badiliko litakudai kulehemu upya.

Kata plaiwudi tatu za milimita 6, sentimita 15 kwa 15. Zibane pamoja kwa jiliwa, utoboe matundu ya pembeni kwa mara moja. Ukitoboa mojamoja hayalingani. Zishikanishe kwa nguzo za plastiki, maana skrubu za chuma cha kawaida hushika kutu upesi kwa hewa ya bahari.

Chini weka mota mbili za manjano zenye gia ya 1:48, magurudumu ya milimita 65, na betri mbili za lithiamu aina ya 18650 kwa mfuatano, pamoja na bodi ya ulinzi. Zikijaa hutoa volti 8.4, na mota hizi ni za volti 6. Kwenye programu usipite asilimia 70 ya nguvu. Kuendeshea mota tumia bodi ya TB6612FNG. Bodi ya L298N hupatikana kwa urahisi, lakini hula karibu volti 2 na kuzigeuza joto tu.

Katikati hukaa ESP32, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja inayoamrisha mota na kusoma sensa, na kipunguza volti cha volti 5, ampea 3. Hapa ndipo wengi hukwama: mota zikianza, ESP32 hujizima na kuwaka upya, kwa kuwa volti imeshuka ghafla. Tia kapasita ya mikrofaradi 470 kwenye umeme wake, na ya nanofaradi 100 kwenye ncha mbili za kila mota. Hasi zote zikutane. Sensa ya umbali ya HC-SR04 hurudisha jibu kwa pini yake ya Echo kwa volti 5, na pini za ESP32 ni za 3.3: weka rizista ya kiloomu 1 kati ya Echo na pini, na ya kiloomu 2 kutoka pini hiyo hadi hasi.

Juu ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero 2 W na kamera, iliyounganishwa na ghorofa ya katikati kwa soketi ya nyaya nne isiyoingia kinyume: volti 5, hasi, kutuma, kupokea.

Viungo vya lehemu vipake rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, chumvi isivifikie. Soketi na lenzi usiziguse.

Kabla ya kukusanya data, funga diski ya matundu 20 kwenye mhimili wa kila gurudumu, na sensa ya kuhesabu matundu yakipita. Tundu moja ni kama milimita 10 za mwendo. Iendeshe mita 2 sebuleni, pima kwa utepe, urekebishe hesabu. Usipimie ufukweni Shela: mchangani gurudumu huteleza, hesabu husema roboti imefika nayo haijafika, na modeli ya akili unde hufunzwa uongo huo.