Pa kuhifadhi picha za harusi
Napiga picha za harusi hapa Nyegezi, Mwanza, na umeme ukikatika ghafla, diski ndiyo ya kwanza kuumia. Ukitafuta kifaa cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao wa nyumbani, chukua chenye nafasi ya diski mbili. Mbili za terabaiti 4 zikinakiliana, yaani kila moja ikibeba mafaili yaleyale, unapata terabaiti 4 tu, siyo 8. Lakini moja ikifa, kazi ya mteja ipo. Kifaa chenyewe, hilo boksi, mara nyingi huuzwa bila diski ndani, kwa hiyo ulizia diski kabla ya kutoa hela. Ziwe za kufanya kazi saa 24, kama Seagate IronWolf. Unganisha na ruta kwa waya. UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, usiiache. Nakala nyingine naiweka kwa dada, Kirumba, maana mwizi hubeba boksi zima.