Kabla hujanunua balbu kali, pima dimu yako

Wenye magari ya zamani wakija kwangu huanza na ombi lilelile: "Fundi, niwekee balbu kali." Nami huwauliza, "Hiyo uliyonayo inakula ikashiba?" Wanacheka, wakidhani natania. Sitanii. Dimu (ule mwanga mfupi wa chini) ya gari kuukuu mara nyingi haina ubaya kwenye balbu. Umeme unaliwa njiani kabla haujaifikia. Ukiweka balbu kubwa zaidi kwenye njia hiyohiyo, umeongeza mlaji na chakula ni kilekile.

Mimi mwenyewe gari langu ni la mwaka 1993, na kwa karibu miaka miwili niliendesha usiku na dimu yenye rangi ya chai ya rangi. Mganga hajigangi. Kilichonitoa usingizini ni mtu wa baiskeli aliyevaa nguo nyeusi. Nilimwona akiwa ameshafika usawa wa bampa. Kesho yake asubuhi, kabla ya kazi ya mteja yeyote, nilitoa mita.

Tuanze na mita basi. Ya bei ndogo inatosha, mradi isome volti za DC. Washa injini, washa dimu, acha ziwake dakika tano zipate moto. Pima betri kwanza, chanya kwa hasi. Injini ikiwa imepandishwa mzunguko kidogo, unatafuta kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa iko chini ya 13, achana na taa, shughulikia mkanda na alteneta, ile inayochaji betri. Kaboni zilizokwisha huko, vile vipande vinavyosuguana ndani ya alteneta, hazirekebishwi na kitu chochote utakachofanya mbele ya gari.

Kipimo cha pili ndicho wanafunzi wangu hukosea. Wanachomoa plagi ya taa, wanapima ndani ya plagi tupu, wanaona 12 na ushee, wanasema umeme upo. Upo, lakini haubebi kitu. Waya mbovu usio na mzigo husoma vizuri kabisa, kama mtu anayejisifia nguvu akiwa amekaa. Plagi ibaki kwenye balbu na taa ibaki inawaka. Ingiza ncha ya mita kwa nyuma ya plagi, iguse pini ya dimu. Ncha nyingine iweke kwenye chanya ya betri. Namba utakayoiona ni volti zinazopotea upande wa chanya. Kisha toka pini ya athi ya balbu (njia ya umeme kurudi kupitia bodi) hadi hasi ya betri: hizo ni volti zinazopotea wakati wa kurudi. Upande wa chanya, chini ya nusu volti naivumilia. Upande wa athi, ikizidi 0.2 siipendi.

Langu lilisoma hivi: betri 13.9, chanya imepoteza 1.7, athi imepoteza 0.6. Balbu ilikuwa imebakiziwa 11.6. Sasa, balbu ya H4, ile yenye nyaya mbili ndani na miguu mitatu nyuma, hupimwa kiwandani kwa volti 13.2, na hapo dimu yake hutoa lumeni (kipimo cha mwanga) kama 1000. Mwanga wa halojeni, yaani balbu za aina hii, hauendi sambamba na volti. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Kwa 11.6 nilikuwa natumia theluthi mbili tu ya mwanga niliolipia, tena wa njano. Hapo nikakumbuka kwamba mwaka uliotangulia nilikuwa nimebadilisha balbu mara mbili.

Zinapotelea wapi? Fuata njia yenyewe: betri, boksi la fyuzi, swichi ya taa, swichi ya dimu na fulu (mwanga mrefu) kwenye usukani, waya mwembamba mrefu, plagi. Balbu mbili za wati 55 huvuta karibu ampea 10, na ampea zote hizo zinapita kwenye visahani vya shaba ndani ya swichi iliyobofywa kwa miaka 30. Kila kiungo kinadokoa kidogo.

Anza na athi kwa sababu haina gharama. Ufuate ule waya, mara nyingi mweusi au wa kahawia, hadi pale ulipofungwa kwenye bodi. Fungua boliti, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu kuzuia kutu. Kama bodi hapo imeliwa sana na kutu, vuta waya mpya moja kwa moja hadi hasi ya betri. Kwangu, kazi hiyo ya dakika ishirini ilishusha ile 0.6 hadi 0.05.

Upande wa chanya dawa yake ni rilei. Wazo ni jepesi: swichi ya zamani iache kubeba ampea 10 na ibaki kutoa amri tu, na rilei ndiyo ichote umeme kutoka kwenye betri kwa njia fupi na nene. Chomoa hasi ya betri kabla hujagusa waya wowote. Rilei ya kawaida ya gari ina miguu minne yenye namba. Waya wa dimu uliokuwa unaenda kwenye balbu sasa unaenda mguu 86. Mguu 85 unaenda bodi. Mguu 30 unatoka chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 20, na fyuzi hiyo ikae karibu na betri, shibiri moja tu, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Mguu 87 unaenda kwenye taa. Hapo mimi hugawa njia mbili, kushoto na kulia, kila moja na fyuzi yake ya ampea 10. Ni kazi ya ziada, ila shoti ikitokea upande mmoja hutabaki gizani kabisa katikati ya kona. Waya uwe wa milimita za mraba 2.5. Fulu nayo ipewe rilei yake kwa mpango huohuo.

Usiunge kwa kusokota na kufunga tepu. Bana vichwa vya waya kwa koleo lake au lehemu kwa risasi. Rilei zifunge miguu ikiangalia chini, maji yasituame. Na ile plagi ya zamani ya plastiki, iliyogeuka kahawia na kuanza kumeguka, itupe. Weka ya kauri.

Kuna mtego hapa. Magari mengi ya Kijapani ya zamani swichi yake haikati chanya, inakata athi. Ukifunga kama nilivyoeleza, rilei haitalia hata "tik". Tambua mapema: dimu ikiwaka, pima pini zote tatu za H4 moja moja dhidi ya bodi. Ikiwa pini moja tu ina volti, gari lako ni la kawaida. Ikiwa mbili zina volti na moja inakaribia sifuri, swichi yako inakata athi. Kwa gari hilo, 86 ipate chanya ile iliyokuwa inakuja kwenye plagi ya zamani, na 85 ipate waya wa dimu unaotoka kwenye swichi. Kwenye taa zenyewe, ile pini ya pamoja sasa iende bodi.

Baada ya kufunga, langu lilisoma 13.4 kwenye balbu. Balbu zilezile. Mke wangu alipotoka nje aliniuliza kama nimewasha fulu.

Mita ikikwambia umeme unafika sawa na dimu bado ni hafifu, fungua macho uangalie taa yenyewe. Ndani ya H4, chini ya waya wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usishuke, hivyo dimu hutumia nusu ya juu tu ya rifleta, kile kibakuli kinachong'aa. Joto nalo hupanda juu. Ndiyo maana unakuta gari fulu yake ni nzuri lakini dimu imekufa: nusu ya juu imebabuka. Chungulia kwa tochi kupitia tundu la balbu. Ikiwa imefifia au imekuwa ya kijivu, usiisugue. Tabaka la alumini litatoka na kitambaa. Taa ibadilishwe, hakuna ujanja mwingine.

Kioo cha taa kikiwa cha kioo halisi, kioshe tu. Cha plastiki kilichogeuka njano kwa jua, kipige msasa wa maji, namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu polishi, halafu vanishi angavu inayozuia miale ya jua. Wanaotumia dawa ya meno hupata mng'ao wa muda mfupi. Bila vanishi, hata msasa wangu unarudi njano baada ya miezi.

Kuhusu balbu zenyewe: ikiwa ni nzee, badilisha zote mbili kwa pamoja, za wati 60/55 (60 ni fulu, 55 ni dimu), na usiguse kioo chake kwa vidole, mafuta ya ngozi huunguza sehemu moja. Zile za 100/90 zimeniletea plagi zilizoyeyuka nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. LED za kuchomeka kwenye taa ya halojeni pia sizifungi. Rifleta ilichongwa kwa ajili ya waya mwembamba uliokaa mahali maalumu. LED inatawanya mwanga, unaona weupe karibu na bampa, mwenzako anayekuja anaona jua. Nchi nyingi zinazikataza.

Mwisho ni kulenga, kwa sababu taa iliyopata nguvu ikiwa imelenga vibaya ni balaa kwa wengine. Jaza upepo, mtu akae kiti cha dereva, na kama kuna kitufe cha kushusha taa kwenye dashibodi kiwe sifuri. Simamisha gari sehemu tambarare, mita 5 kutoka ukutani. Pima urefu kutoka ardhini hadi katikati ya taa, weka alama ukutani kwa urefu huo, kisha piga mstari sentimita 5 chini yake. Ukingo wa juu wa mwanga ukae kwenye mstari huo. Funika taa moja kwa boksi huku ukirekebisha nyingine, lakini usichelewe, joto linapanda haraka. Angalia pia ule upande unaopanda kidogo: kwa wanaoendesha kushoto, mwanga uinuke kushoto, kwa wanaoendesha kulia, uinuke kulia. Mwanga ukiinuka kinyume, taa hizo zilitengenezwa kwa barabara za upande mwingine, na hakuna skrubu ya kuligeuza hilo.

Endesha siku mbili tatu. Kisha baada ya safari ya nusu saa usiku, zima gari, fungua boneti, gusa kila plagi na kila rilei. Vuguvugu si neno. Inayokurudisha mkono ina kiungo kilichobanwa vibaya. Fungua, kibane upya, pima tena.