Namna ya kupanga spika za nje ili hata wa kiti cha mwisho ashike maneno

Nenda kwenye mkutano wa injili, mahafali, maulidi au harusi ya uwanjani, karibu kila mahali utakuta jambo lilelile, waliokaa mbele wameziba masikio na waliokaa nyuma wanaulizana "amesemaje?". Fundi mitambo akiambiwa nyuma hawasikii anapandisha volyumu, mbele wanazidi kuumia na nyuma hamna kilichobadilika. Mara nyingi shida wala sio spika ndogo, shida iko kwenye hewa iliyopo kati ya spika na yule bibi aliyekosa kiti cha mbele, na mimi huyo bibi ndo namfikiria kila nikifunga vyombo maana naye kaja kusikiliza kama wengine. Nitaeleza ninavyopanga, tuchukulie una spika mbili za stendi, sabufa mbili (spika za besi), mikisa (mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti), na uwanja wenye watu mpaka mita 60 na kitu kutoka jukwaani.

Kabla hujashusha chombo chochote tembea uwanja mzima na uhesabu hatua, ujue mstari wa mbele uko mita ngapi na wa mwisho mita ngapi. Sababu ni hii, sehemu ya wazi isiyo na kuta sauti inashuka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapozidi mara mbili. Kama mita 4 toka kwenye spika una desibeli 95, mita 8 zimebaki 89, mita 16 ni 83, mita 32 ni 77, na mita 64 unabaki na 71, na hapo bado hujatoa jua, upepo, jenereta na watoto wanaolia. Kupandisha desibeli 6 unahitaji nguvu mara nne, yaani kama ulikuwa na wati 500 uende 2000, na zote hizo zinampiga kwanza wa mbele. Sasa fanya kitu rahisi, omba wenye shughuli wasogeze jukwaa na spika nyuma mita 4 tu, viti vibaki palepale. Wa mbele atakuwa mita 8 na wa mwisho mita 68, tofauti kati yao inatoka desibeli 24 inakuja 18 na kitu. Hujanunua chochote, umehamisha tu vitu.

Afu pandisha spika juu, hili watu wanalidharau sana. Sauti ni mawimbi na kila sauti ina urefu wake wa wimbi, besi ya hezi 50 (yaani mitetemo 50 kwa sekunde) kwenye joto la kwetu ina wimbi la mita 7, wakati sauti nyembamba ya hezi 5000 wimbi lake ni sentimita 7. Wimbi la mita 7 likikutana na mtu linamzunguka tu kama hayupo, linazunguka ukuta, linazunguka nyumba, ndo maana jirani wa mtaa wa tatu anasikia dum dum peke yake hasikii wimbo. Wimbi la sentimita 7 likikutana na kichwa cha mtu linaishia hapo. Na maneno yanakaa huko kwenye sauti nyembamba, herufi kama s, sh, f, t na ch zote ziko juu, zikizibwa mtu wa nyuma anasikia kabisa kwamba mchungaji anaongea ila hajui anaongea nini. Kwa hiyo ile honi ya juu ya spika, inayotoa sauti nyembamba, iwe juu ya vichwa vya watu waliosimama, sio waliokaa, maana watasimama tu, halafu iinamishe kidogo kuelekea katikati ya uwanja. Kipimo changu ni hiki, nenda kiti cha mwisho, kaa, halafu mwambie mtu asimame mbele yako hatua kadhaa. Kama jicho lako haliioni honi basi na sikio lako halitapata maneno.

Sasa tuje kwenye jua, na hapa naomba usome taratibu maana ndo penye siri kubwa ya kazi za nje. Mwendo wa sauti hewani unategemea joto. Kwenye nyuzi 0 ni kama mita 331 kwa sekunde na kila nyuzi moja ikiongezeka unaongeza mita 0.6, kwa hiyo Dar mchana wa nyuzi 32 sauti inaenda karibu mita 350 kwa sekunde, na Njombe alfajiri ya nyuzi 10 inaenda 337. (Wapo wanaosema milimani sauti inapungua mwendo kwa sababu hewa ni nyepesi, sio kweli, ni kwa sababu ya baridi tu.) Tofauti ya mita 13 inaonekana ndogo lakini angalia inachofanya. Saa nane mchana ardhi imechemka, hewa iliyogusa chini ni ya moto kuliko ya juu, kwa hiyo upande wa chini wa wimbi unaenda haraka na upande wa juu unaenda taratibu. Fikiria watu wawili wamebeba ubao mrefu huku na huku wanatembea sambamba, mmoja akiongeza mwendo ubao wote unageuka kuelekea kwa yule anayeenda taratibu. Ndivyo sauti inavyofanya, inageukia kwenye ubaridi, na mchana ubaridi uko juu, kwa hiyo sauti inapinda kwenda angani na kuwaruka watu wa nyuma. Kunakuwa na eneo zima ambalo sauti haifiki vizuri hata ukiongeza volyumu vipi, na kadiri spika ilivyo chini ndivyo eneo hilo linavyoanza karibu. Nyasi na udongo wenye maji una nafuu, lami na mchanga mkavu ndo balaa.

Jua likizama mambo yanageuka. Ardhi inapoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti iliyokuwa inapanda sasa inapindishwa kurudi chini, inakwenda mbali kweli. Ndo maana usiku unasikia treni, adhana au ngoma ya kijiji ambacho mchana husikii kabisa hata kama kuna utulivu. Juu ya maji ni hivyohivyo, watu wa Ukerewe na wa visiwa vyote wanajua kwamba ziwa likitulia maongezi ya mtumbwi wa mbali unayasikia, maana maji yamepoza hewa ya chini. Kwa fundi maana yake ni hii, majaribio uliyofanya saa nane mchana hayana kazi saa mbili usiku. Rudia. Na ikifika saa moja jioni shusha volyumu hata kama hakuna aliyelalamika, kwa sababu watu wako wanasikia vizuri kuliko mchana na majirani pia wanasikia vizuri kuliko mchana, na kati yao kuna mgonjwa na kuna mtoto mchanga.

Upepo nao watu wanauelewa vibaya, wanadhani unabeba sauti. Upepo wa kawaida una mita 5 kwa sekunde, sauti ina 350, utabeba nini hapo? Unachofanya ni kupinda. Chini upepo unazuiwa na nyasi, viti na watu kwa hiyo una mwendo mdogo, juu uko huru una mwendo mkubwa, na hiyo tofauti inapindisha sauti kama joto linavyopindisha. Upepo ukitoka jukwaani kwenda kwa watu sauti inainama chini kwao, ukitoka kwa watu kuja jukwaani sauti inanyanyuka inapotea. Kwa hiyo jukwaa liwe upande upepo unakotoka. Kwa pwani yetu, Tanga, Dar, Unguja, Mombasa, mchana upepo unatoka baharini kuja nchi kavu, basi shughuli ya mchana weka jukwaa upande wa bahari. Usiku upepo unaweza kugeuka ukatoka bara, na usisahau misimu, kusi inapovuma katikati ya mwaka na kaskazi inayoanza kuelekea Desemba hazitoki upande mmoja. Uliza wavuvi wa hapo, watakujibu vizuri kuliko simu yako. Maiki tu ivalishe sponji maana upepo utaipiga.

Uwanja ukizidi mita 40 hivi, acha kuhangaika na spika za mbele, weka jozi ya pili katikati ya watu, mita 30 kutoka jukwaani. Hapa ndo wengi wanaharibu. Umeme kwenye waya unafika papo hapo lakini sauti ya spika za mbele inatumia muda kufika, kwa hiyo wa nyuma anasikia neno mara mbili na ikizidi milisekunde 50 maneno yanapandana. Dawa ni kuzichelewesha spika za nyuma, mikisa nyingi za dijitali zina hiyo dilei kwenye kila njia ya kutokea. Chukua umbali gawanya kwa mwendo wa sauti, mita 30 kwa 350 ni sekunde 0.086, yaani milisekunde 86. Halafu ongeza kama 12 juu yake, weka 98. Kwanini uongeze? Mjerumani Helmut Haas mwaka 1949 alionyesha kwamba sauti mbili zikifuatana kwa muda mfupi sana sikio linazichukua kama moja na linaamini imetoka pale ilipotangulia, kwa hiyo wa nyuma anasikia maneno safi kutoka spika ya karibu yake lakini akili yake inamwambia yanatoka kwa yule anayemwangalia jukwaani. Ni kitu kizuri sana kikikaa sawa.

Kuhakikisha huhitaji kifaa. Mtu asimame jukwaani agonge vijiti viwili mbele ya maiki, wewe simama karibu na spika za pili ufumbe macho usikilize. Ukisikia "ta-ta" bado, ongeza au punguza milisekunde kidogokidogo mpaka ibaki "ta" moja kavu, ukishaipata ndo unaongeza zile 12. Joto likibadilika toka mchana hadi usiku hesabu inasogea milisekunde mbili tatu tu kwa mita 30, usijisumbue nayo. Kama mikisa yako haina dilei kabisa basi spika za pili zisizidi mita 12 toka za kwanza.

Kitu kingine kwenye hizo za nyuma, ukiwa sehemu kavu kama Dodoma kiangazi ongeza sauti nyembamba kidogo. Hewa kavu inameza sauti nyembamba kuliko hewa yenye unyevu, watu wengi wanadhani ni kinyume, lakini Dar yenye jasho lote lile inapitisha hizo sauti vizuri zaidi.

Kuta: mahafali mengi yanafanyika katikati ya madarasa, spika inaangalia ukuta wa upande wa pili na maneno yanarudi. Ukuta ukiwa mita 17 au zaidi unaanza kusikia mwangwi unaojitegemea, kwa hiyo geuza spika ziangalie watu kwa kuinama, au zungusha jukwaa sauti iende kwenye uwazi kati ya majengo. Jengo tupu lisikutishe sana, watu na nguo zao wakishaingia wanameza sauti nyingi.

Sabufa usiziweke moja kulia moja kushoto. Kwenye hezi 60 wimbi lina karibu mita 6, kwa hiyo popote ambapo sabufa moja iko mbali kuliko nyenzake kwa mita 3 zinauana, unapita uwanjani unakuta hapa besi inapiga kifua na hatua chache pembeni hamna kitu. Ziunganishe pamoja katikati chini ya jukwaa, utashangaa zilivyoongezeka nguvu. Ukishaziweka pamoja halafu besi bado hamna, angalia waya, moja imeunganishwa kinyume, chanya na hasi zimebadilishana.

Mwisho, kwenye njia ya maiki ya msemaji kata kila kitu chini ya hezi 100, mikisa karibu zote zina kitufe chake. Sauti ya mtu anayehubiri haihitaji hiyo besi, inaleta tu vishindo vya jukwaa na upepo, na usiku ndo hiyohiyo inayomfikia jirani kitandani.