Kumfuga leiothriksi mdomo mwekundu
Kandege kenyewe ni ka Himalaya na kusini mwa China, sentimita 15 hivi, koo la njano, mdomo mwekundu utadhani kapaka lipstiki. Sasa wengi wanakosea hapa, wanampa mbegu tupu wakati yeye ni wa wadudu na matunda, kwahiyo mkatie matunda laini vipande vidogo na umpe funza kidogo kila siku. Tundu liwe refu kwa upana sio kwenda juu, maana anarukaruka tawi hadi tawi kutwa nzima. Bakuli la kuogea ni lazima, atarusha maji mpaka sakafu ilowe we vumilia tu. Usimweke na ndege wadogo wanaotaga, mayai atayadonoa. Mwimbaji hasa ni dume.